Namna ya Kupima Mtawanyiko wa Vichaka na Ujirani wa Spishi Zake: Kuanzia Arabuko-Sokoke Hadi Misitu ya Milimani

Mtu anayeingia msitu wa Arabuko-Sokoke, katika pwani ya Kenya, kwa upande wa Gede, akashika njia ya kuelekea magharibi, hukanyaga ardhi za namna tatu kabla siku haijaisha. Mashariki, karibu na bahari, kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi na misandarusi. Katikati kuna ukanda wa mchanga mweupe usio na rutuba kubwa, ambamo mirihi, yaani Brachystegia spiciformis, imeachiana nafasi na jua hufika chini. Magharibi, juu ya mchanga mwekundu, kuna msitu wa Cynometra webberi ambao si mrefu, lakini umefungamana kiasi kwamba mpita njia hulazimika kuinama. Mvua nayo hupungua kadiri unavyoiacha bahari: upande wa mashariki hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na kona ya kaskazini-magharibi hupata kati ya 600 na 900. Yote hayo yamo ndani ya msitu mmoja wa kilomita za mraba zipatazo 420.

Vijana wengi wa Malindi wanaosomea misitu, pamoja na waongozaji wa wageni wanaotaka kujiendeleza, hutamani kufanya utafiti wa vichaka kwenye milima ya Taita au Mlima Kenya, kwa kuwa ndiko kunakotajwa sana. Nawashauri waanze hapa nyumbani. Kazi ni ile ile, gharama ni nauli ya matatu hadi Gede, na kosa kubwa la kazi hii huonekana wazi zaidi Arabuko-Sokoke kuliko mahali pengine ninapopajua. Kosa lenyewe ni kuona vichaka viwili vimesimama pamoja mara kwa mara, kisha kutangaza kwamba kimoja kinakihitaji kingine, ilhali vyote viwili vimefuata udongo mmoja. Mlimani, mahali pa udongo hushikwa na mwinuko. Mwongozo huu umeandikwa ili anayepima aweze kutenganisha mambo hayo mawili.

Kabla ya kuingia msituni

Arabuko-Sokoke ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo pata kwanza idhini ya Huduma ya Misitu ya Kenya kupitia kituo cha Gede au cha Jilore, na kama kazi yako ni utafiti rasmi, chukua pia kibali cha NACOSTI, yaani tume ya taifa inayosimamia sayansi na utafiti. Usiingie peke yako. Ndani mna ndovu, na katika msitu wa Cynometra unaweza kumfikia ndovu hatua kumi bila kumwona. Mchukue mwongozaji anayezijua njia, na muwe watu watatu au wanne: mmoja wa kushika utepe, mmoja wa kupima, mmoja wa kuandika.

Wakati ufaao ni mara baada ya masika, kuanzia mwezi Juni, kwa sababu majani yapo na vichaka vingi vina maua au matunda yanayosaidia kuvitambua. Ukienda Februari, vichaka kadhaa vitakuwa vimepukutisha majani na utabaki ukikisia kwa magome.

Majina yanahitaji uangalifu. Wazee wa Kigiriama na wa Kisanya wanaoishi kando ya msitu wanavijua vichaka kwa kiwango ambacho hakuna kitabu kinachokifikia, na ni haki yao na faida yako kuwauliza kwanza. Hata hivyo jina la kienyeji halilingani kila mara na spishi ya wanasayansi. Jina kama mkone linaweza kutumika kwa zaidi ya spishi moja ya Grewia, kwa sababu kwa anayechuma matunda au kukata fito tofauti hizo si kubwa. Andika jina ulilopewa, lugha yake, na namba ya sampuli. Kata kitawi chenye jani na ua au tunda, kikaushe katikati ya kurasa za gazeti, ukipeleke kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya kilichopo Gede, au kwenye hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kama mmea umewashinda wote.

Vifaa ni vichache: tepu mbili za mita 30 au 50, kamba ya manila, vigingi vya kuchongwa, dira, penseli na daftari. Simu yenye GPS itakusaidia kuandika mahali kiwanja kilipo, lakini usiitumie kuonyesha kila kichaka kilipo ndani ya kiwanja. Chini ya miti hitilafu yake hufika mita kadhaa, nawe unataka kujua kama vichaka viwili vimeachana mita moja au mbili.

Kichaka ni nini?

Neno letu kichaka lina maana mbili, na maana hizo huharibu hesabu zisipotenganishwa mapema. Kichaka ni mmea mmoja wenye mashina kadhaa yanayotoka karibu na ardhi. Kichaka pia ni msongamano wa mimea mingi iliyoshikamana, pale watoto wanapokatazwa kupita kwa kuhofia nyoka. Katika mwongozo huu nitatumia neno hilo kwa mmea mmoja tu, na ule wa pili nitauita msongamano.

Hata baada ya hapo shida haijaisha. Chukua mkwamba, Flueggea virosa, unaojulikana na kila mtoto wa pwani kwa vitunda vyake vyeupe vidogo kama punje ya choroko. Mashina yake hutoka chini kwa wingi na kujitupa nje kila upande, na ukikatwa huchipua upya, hivyo mashina kumi uliyoyaona yanaweza kuwa mmea mmoja, au mitatu. Piga magoti, fukua majani makavu kwa mkono, utazame mashina yanapokutana. Kama yanaungana juu ya ardhi au kwa kina cha kidole, hesabu mmea mmoja na upime katikati yake. Kama huoni muungano, hesabu mimea tofauti. Kanuni hii si kamilifu, kwani mizizi huweza kuungana chini zaidi, lakini ubora wake ni kwamba wewe na mwenzako mtaitumia kwa namna moja kuanzia kiwanja cha kwanza hadi cha mwisho. Andika pia urefu wa chini unaoukubali, kwa mfano nusu mita, ili miche ya msimu huu isichanganywe na vichaka vilivyokomaa.

Kuweka kiwanja

Usichague mahali kwa macho. Jicho hupenda njia na sehemu zenye maua, na kando ya njia kuna mwanga mwingi kuliko ndani. Viwanja vyangu vya kwanza viliharibika kwa sababu hiyo: vyote vilikuwa karibu na njia ya gari, na nilichokipima kilikuwa athari ya barabara. Gawa ramani ya msitu kwa aina ya ardhi, yaani mchanga mweupe, mchanga mwekundu na msitu mchanganyiko, kisha ndani ya kila aina chagua sehemu kwa kura, ukianzia angalau mita 50 kutoka kwenye njia.

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinatosha kuanzia. Kona iwe mraba kweli kweli, na hapa ujuzi wa mafundi waashi ndio utumike: pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande mwingine, halafu sogeza kamba mpaka ule mstari wa tatu uwe mita 5 kamili. Ukimaliza pande zote nne, pima ulalo kutoka kona hadi kona. Unapaswa kuwa mita 28.28 pande zote mbili. Ukitofautiana kwa zaidi ya sentimita 20, rudia, hata kama wenzako wamechoka.

Laza tepu moja kwenye upande wa kusini na uiache hapo. Kwa kila kichaka andika namba mbili: umbali wake kwenye tepu hiyo, na umbali wa kuingia ndani kwa mstari ulionyooka. Ongeza jina, urefu, upana wa kivuli chake, na neno moja au mawili kuhusu mahali kilipo: chini ya mti gani, juu ya kichuguu, kando ya kisiki, kwenye uwazi. Maneno hayo mafupi ndiyo yatakayokuokoa baadaye. Arabuko-Sokoke imekatwa miti kwa miaka mingi, hasa mihuhu iliyokuwa ikitafutwa na wachongaji wa vinyago, na pale mti mkubwa ulipoondoka, mwanga uliingia na vichaka vikakimbilia. Asiyeandika visiki ataona makundi ya vichaka na kukosa sababu yake.

Je, vimekusanyika au vimetawanyika ovyo?

Mtawanyiko una sura tatu. Vichaka vinaweza kuwa katika makundi. Vinaweza kuwa vimeachiana nafasi zinazokaribiana, kama mikanju iliyopandwa kwa mistari. Au vinaweza kuwa popote, bila kimoja kuathiri kingine, na huu huitwa mtawanyiko wa nasibu. Nasibu ndiyo kipimo cha kulinganishia, kwa kuwa inakuambia hali ingekuwaje kama hakuna sababu yoyote inayofanya kazi.

Njia nyepesi ni kugawa kiwanja kwa vipande vya mita 5 kwa 5 na kuhesabu. Tuseme vipande kumi kati ya 16 vya kiwanja hicho vilitoa hesabu hizi za mkwamba: 0, 0, 1, 7, 9, 0, 0, 2, 6, 0. Jumla ni 25, wastani ni 2.5. Toa wastani katika kila hesabu, zidisha kila jibu kwa lenyewe, jumlisha upate 108.5, kisha gawa kwa 9, yaani idadi ya vipande ukitoa kimoja. Hiyo ndiyo varianzi, nayo ni 12.06. Igawe kwa wastani: 4.82. Kwa nasibu jibu lingekaribia 1; kwa nafasi zinazolingana lingekuwa chini ya 1; jibu kubwa kama hili linaonyesha makundi. Ili kujua kama si bahati tu, gawa 108.5 kwa wastani wa 2.5 upate 43.4, ulinganishe na 16.92, ambayo ni namba ya jedwali la kai mraba kwa vipande kumi katika kiwango cha asilimia 5, yaani namba ambayo bahati peke yake ingeizidi mara tano tu katika mia. Imezidi kwa mbali.

Njia ya pili hutumia ramani uliyoichora, na ilielezwa na watafiti Clark na Evans mwaka 1954. Kwa kila kichaka tafuta jirani yake wa karibu zaidi wa spishi hiyo, upime umbali, kisha utafute wastani. Tuseme kiwanja chako cha mita za mraba 400 kina vichaka 36, yaani 0.09 kwa kila mita ya mraba. Kwa nasibu, wastani wa umbali ungekuwa 1 kugawanywa kwa mara mbili ya kipeuo cha pili cha 0.09, ambayo ni mita 1.67. Ukipata mita 1.05, uwiano ni 0.63, na chochote kilicho chini ya 1 kwa kiasi hicho ni kundi. Angalia tu vichaka vya ukingoni: jirani wa kweli wa kichaka kilicho nusu mita kutoka kwenye kamba huenda yuko nje, hujampima. Acha ukanda wa mita 2 pembeni ambao vichaka vyake hutumika kama majirani tu, lakini havianzishi kipimo, na unapotafuta idadi kwa mita ya mraba tumia sehemu ya ndani peke yake.

Njia zote mbili zina udhaifu mmoja, nao ni ukubwa wa kipimo. Mkwamba unaweza kuwa makundi kwa mita 3, na makundi yenyewe yakawa yametawanyika kwa nasibu ukitazama mita 15. Mtakwimu Ripley mwaka 1977 alitoa njia ya kuhesabu majirani ndani ya duara linalopanuliwa hatua kwa hatua kuzunguka kila kichaka, ili jibu litolewe kwa kila umbali peke yake. Hesabu yake ni ndefu kwa mkono, lakini programu ya takwimu iitwayo R, ambayo ni ya bure, ina kifurushi kiitwacho spatstat kinachoifanya na kulinganisha ramani yako na ramani za nasibu ilizozitengeneza yenyewe. Huhitaji kiwanja kingine; namba mbili ulizoandika kwa kila kichaka zinatosha.

Ukishapata kundi, rudi kwenye maneno yako mafupi. Ndege hula tunda la mkwamba, hutua kwenye tawi la mti mrefu na kuangusha mbegu hapo chini, hivyo kundi lake likiwa chini ya miti ya kutulia si ajabu. Croton pseudopulchellus, kichaka ambacho ukigeuza jani lake utaona upande wa chini umeng'aa kama fedha na kutapakaa vidoa vya hudhurungi, hana tunda la kumwita ndege. Ganda lake la mbegu hukauka na kupasuka, mbegu zikaruka hatua chache tu kutoka kwa mama. Makundi mawili yanaweza kufanana kwenye karatasi na kuwa na chanzo tofauti kabisa.

Ujirani wa spishi mbili

Hapa ndipo watu huteleza. Chukua vipande 60 na uandike kwa kila kimoja kama kichaka cha kwanza kipo na kama cha pili kipo. Tuseme vyote viwili vipo katika vipande 18, cha kwanza peke yake katika 7, cha pili peke yake katika 9, na 26 havina hata kimoja. Cha kwanza kimo katika vipande 25, cha pili katika 27. Kama havihusiani, vingekutana katika vipande 25 mara 27 kugawanywa kwa 60, yaani 11.25. Vimekutana mara 18. Kai mraba inatoa 12.62, nayo ni kubwa kuliko 3.84 inayohitajika. Kipimo cha Paul Jaccard, mtaalamu wa mimea wa Uswisi aliyekiunda alipokuwa akilinganisha mimea ya milima ya Alps, hugawa vipande vya pamoja kwa vyote vyenye angalau kichaka kimoja: 18 kwa 34, au 0.53. Kila namba inasema vichaka hivi ni marafiki.

Sasa vitenge vipande kwa udongo. Tuseme 30 vilikuwa kwenye mchanga mweupe: pamoja 17, cha kwanza peke yake 5, cha pili peke yake 6, bila chochote 2. Kwa nasibu vingekutana mara 22 kwa 23 kugawanywa kwa 30, yaani 16.87, na vimekutana mara 17. Hakuna uhusiano wowote. Thelathini vya mchanga mwekundu vina 1, 2, 3 na 24. Matarajio ni 0.4, na kimepatikana kimoja, tofauti isiyoweza kujengewa hoja. Jumlisha safu hizo mbili utapata zile zile 18, 7, 9 na 26. Urafiki wote ulikuwa wa udongo: vichaka vyote viwili vinaupenda mchanga mweupe, na ndani ya mchanga huo kila kimoja kinakwenda njia yake.

Mfano huo nimeutunga makusudi, lakini naomba kila anayepima aufanye kwa takwimu zake kabla ya kuandika neno lolote kuhusu mimea kusaidiana au kufukuzana. Kama uhusiano unabaki hata baada ya kutenga udongo, mwanga na visiki, hapo una jambo la kuchunguza: labda kimoja hukinga miche ya kingine dhidi ya jua, labda vyote huletwa na ndege mmoja. Hesabu ya kukutana haitakuambia ni lipi. Tena usipime kila jozi halafu ukachagua zile zilizong'aa; spishi 20 zina jozi 190, na kwa kiwango cha asilimia 5 jozi tisa au kumi zitang'aa kwa bahati tupu. Spishi iliyoonekana katika vipande vitatu au vinne iache nje ya hesabu hii.

Ukipanda mlimani

Kutoka Malindi unaweza kupita lango la Sala, ukavuka Tsavo hadi Voi, na vilima vya Taita vikawa mbele yako. Kilele cha Vuria kina mita 2,208, na ukungu unaolisha misitu yake hutokana na unyevu wa bahari hii hii yetu. Unapopanda, joto hushuka kwa kadiri ya nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, na vichaka hubadilika kwa tabaka. Mlima Kenya huonyesha jambo hilo kwa ukubwa zaidi: msitu, kisha ukanda wa mianzi, kisha juu ya mita 3,000 hivi vichaka vya jamii ya Erica. Upande wa kusini-mashariki hupata mvua nyingi kuliko wa kaskazini, hivyo mwinuko ule ule pande mbili za mlima si makao yale yale.

Kwa hiyo panga viwanja kwa matabaka ya mwinuko, tuseme kila mita 100, na kwa upande wa mteremko, nawe uvitenge kwenye hesabu kama ulivyotenga mchanga mweupe na mwekundu. Ndani ya tabaka, kama kiwanja si mraba, upande wake mrefu ufuate usawa wa mlima, usishuke nao, la sivyo kiwanja kimoja kitabeba makao mawili.

Jambo la mwisho ni tepu. Pwani ardhi ni tambarare na mita 20 ni mita 20. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, tepu iliyolazwa juu ya ardhi kwa mita 20 hufunika mita 17.3 tu za ramani, na idadi ya vichaka kwa mita ya mraba itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Gawa urefu unaoutaka kwa kosaini ya mteremko: mita 20 zitahitaji tepu ya mita 23.09. Andika nyuzi za mteremko juu ya kila ukurasa wa daftari kabla hujapigilia kigingi cha kwanza, kwa sababu ukishateremka Voi huwezi tena kuzikumbuka.